Kimbunga Hakiulizi Nyumba Ilijengwa Lini

Hotuba kwa wenye nyumba na mafundi wa Lindi mjini. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, mafundi wenzetu wa mbao na wa mawe, na ninyi vijana mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Swali lililotukusanya ni moja. Nyumba niliyoachiwa na babu, ile ya mawe na chokaa, au ile ya fito, au ile ya tofali aliyoijenga baba alipostaafu, je, itahimili kimbunga? Wapo wanaosema itahimili, maana imesimama miaka sitini na watu wa zamani walikuwa wakijenga kweli. Wapo wanaosema haiwezi, ibomolewe tujenge ya kisasa. Kwa heshima zote, pande zote mbili zimekosea, kwa sababu umri wa nyumba haujibu swali hili.

Tuanzie mbali kidogo, kusini mwa Florida, Marekani. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga Andrew kiliingia upande wa kusini wa Miami, kwenye mji wa Homestead na vitongoji vyake. Kulipotulia, wakaguzi wakakuta jambo la ajabu. Mitaa mizima ya nyumba mpya, zilizojengwa miaka ya 1980, ilikuwa imevuliwa mapaa, na nyumba nyingi zenye umri mkubwa zaidi zimesimama. Kwa nini? Walipopanda juu wakaona wenyewe. Kwenye nyumba mpya, mbao za kufunika paa zilipigwa pini za mashine badala ya misumari, na kuna mahali mstari mzima wa pini umepita pembeni ya kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, bila kuligusa. Kuta za pembetatu za mwisho wa paa ziliangukia ndani, maana hakuna aliyezishikiza kwenye kenchi. Fundi alikuwa na haraka, na mkaguzi alikuwa na haraka kumshinda fundi.

Baada ya hapo Florida iliandika upya kanuni zake za ujenzi. Mwaka 2002 zikaanza kutumika jimbo zima, na nyumba zilizojengwa kwa kanuni hizo zimestahimili vizuri kuliko zilizotangulia. Sasa tuseme nini? Nyumba ya zamani ni bora? Hapana. Nyumba mpya ni bora? Hapana. Bora ni nyumba iliyofungwa.

Na hapa Lindi tunayo hoja yetu wenyewe. Aprili 1952 kimbunga kiliingia hapa hapa, na wapo wazee ambao bado wanakisimulia. Mtu husimama kifua mbele akasema: nyumba yetu ilipita kimbunga kile, itapita na kijacho. Ndugu yangu, ukuta ni uleule. Je, paa ni lilelile? Mwaka ule juu palikuwa na makuti, au dari nzito la boriti na chokaa. Leo juu pana bati la geji 32 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda bati linakuwa jembamba), limepigwa kwenye mbao zilizonunuliwa kwa bei ya kupatana, juu ya ukuta ambao haukupangiwa mzigo huo. Nyumba iliyopita 1952 haipo tena. Iliyopo ni nyingine, imevaa kuta zake.

Haya, upepo wenyewe unafanya nini? Watu wengi hudhani upepo unasukuma nyumba. Ni kweli unasukuma, lakini kinachoua nyumba zetu ni kunyonya. Upepo unapopita juu ya paa unalivuta paa kwenda juu. Na nguvu yake haiongezeki kwa hesabu ya kawaida: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa hugandamiza kwa kilo 17 hivi kila mita ya mraba. Wa kilomita 120, kilo 70. Wa kilomita 220, ambao ni kasi ya kimbunga Kenneth kilipoingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, zaidi ya kilo 230. Bati jembamba la kwetu lina uzito gani? Kwa mita ya mraba halifiki hata kilo 3. Kwa hiyo uzito wa bati usahauni kabisa, hausaidii kitu. Kinacholibakiza bati juu ya nyumba ni misumari.

Tena kunyonya huko si sawa paa zima. Kwenye kingo, kwenye kona na kwenye mgongo, upepo huvuta mara mbili ya katikati, na pengine zaidi. Ndiyo maana paa halianzi kung'oka katikati. Linaanzia kona. Bati moja la kona likishanyanyuka, upepo unaingia chini yake, la pili linafuata, la tatu linafuata, na ndani ya dakika chache mnatazama mawingu mkiwa sebuleni.

Basi tuufuate mnyororo wenyewe, pingu moja baada ya nyingine, kutoka juu kwenda chini. Bati linashikwa na papi, zile mbao za kulala zinazopigiwa bati. Papi inashikwa na kenchi. Kenchi linashikwa na mtambaapanya, ule ubao unaolala juu ya ukuta. Mtambaapanya unashikwa na ukuta, na ukuta unashikwa na msingi. Ukiimarisha sehemu nne ukaiacha ya tano, umefanya kazi bure, maana kimbunga kitaivunja hiyo ya tano.

Bati kwa papi. Hapa kuna njia mbili za kushindwa, na mkikagua mtazijua. Ya kwanza, msumari unang'oka kwenye ubao, kwa sababu ni laini, umeshika kutu, au papi imeliwa na mchwa. Ya pili, msumari unabaki lakini bati linachanika kuzunguka kichwa chake na kuruka. Hii ya pili ndiyo ya mabati membamba, na msumari mzuri hauiponyi. Dawa yake ni bati la geji 28 na vishikizo vingi zaidi. Ng'oeni misumari ya zamani kwenye kingo, pigeni skrubu zenye washa pana ya mpira, zipite juu ya mgongo wa wimbi, kamwe zisipite bondeni ambako maji hupita. Kwenye mita moja ya pembezoni kote, yaani kwenye michirizi, kwenye mgongo na kwenye ncha za paa, kila wimbi lipate skrubu yake. Katikati, wimbi moja ndiyo, moja hapana. Papi za katikati zikiwa kila sentimita 90, za kingo zisizidi 60. Bati lilalie lenzake wimbi moja na nusu au mawili kwa ubavu, na sentimita 20 kwa urefu. Skrubu isikazwe mpaka mpira ukapasuka. Fundi anayekaza hivyo anafungua tundu la maji, na mwaka wa tatu papi imeoza.

Kwa paa la nyumba ya mita 9 kwa 8, skrubu ni mamia kwa mamia. Mtu atasema ni nyingi. Ni nyingi kweli. Basi kama fedha haitoshi, anzeni na kingo na kona, katikati isubiri mwaka ujao.

Papi kwa kenchi. Kawaida ya kwetu ni msumari mmoja wa inchi 4, umepigwa kutoka juu. Upepo unavuta kuelekea juu, yaani kwa njia ileile uliyoingilia msumari. Je, kuna njia rahisi zaidi ya kuung'oa? Zungushieni waya wa mabati wa milimita 4, mizunguko miwili juu ya papi na chini ya mguu wa kenchi, kisha usokotwe kwa ncha ya msumari mpaka ulie ukipigwa kwa kidole. Kwenye kingo fungeni kila makutano, bila kuruka hata moja.

Sasa kenchi kwa ukuta. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba za tofali za miaka ya 1970, 1980 na 1990 zinapotuangusha. Tufanye hesabu pamoja. Nyumba ina upana wa mita 8, kenchi ziko kila mita 1.2. Kila mwisho wa kenchi unabeba eneo la karibu mita 5 za mraba. Upepo wa kilomita 120 kwa saa, ukijumlisha unaovuta juu na unaosukuma kutoka ndani, unafika kilo 90 kwa kila mita ya mraba. Mara 5 ni 450. Toeni uzito wa paa lenyewe na dari lake, kilo 75 hivi. Zinabaki karibu kilo 370 zinazotaka kunyanyua kila mwisho wa kila kenchi.

Na kenchi limeshikwa na nini? Misumari mitatu iliyopigwa mshazari. Ikiwa mipya na ubao ni mzima, inashika kilo 90 hivi. Kilo 90 dhidi ya 370. Mnaliona pengo?

Tena hapo bado hatujauliza mtambaapanya umeshikwa na nini. Kwenye nyumba nyingi za umri huo hakuna lenta, yaani mkanda wa zege juu ya kuta, inayozunguka nyumba nzima, kuna vipande tu juu ya milango na madirisha. Mtambaapanya umelazwa juu ya tofali la mwisho kwa udongo wa saruji, basi. Ukiufunga mkanda kwenye tofali moja la juu, utakuwa umempa upepo tofali la kuondoka nalo.

Kwa hiyo inabidi kuuteka uzito wa ukuta wenyewe. Ukuta wa tofali za inchi 6 una uzito wa kilo 300 hivi kwa mita ya mraba. Kenchi moja ina mita 1.2 ya ukuta kwa upana. Kupata kilo 370 mnahitaji kushuka mita moja hivi, yaani kozi nne (kozi ni mstari mmoja wa tofali). Sisi tunasema shukeni kozi tano, ili pawe na akiba.

Kazi inakwenda hivi. Chini ya kila kenchi, chongeni mfereji wa upana wa sentimita 4 kwenye ukuta, ndani na nje, kwa tindo na nyundo ndogo, kutoka juu kushuka kozi tano. Chini ya kozi ya tano toboeni kwenye kiungo cha udongo mpaka upande wa pili. Pitisheni mkanda wa chuma kilichopakwa zinki, upana wa milimita 30 na unene wa milimita 1.5, uingie kwenye tundu na ncha zote mbili zipande juu, moja ndani, moja nje. Ncha hizo zipite juu ya mguu wa kenchi, zivutwe mpaka zikaze, kisha zipigwe misumari sita kila upande, misumari minene ya inchi moja na nusu. Ipigwe ubavuni mwa ubao, ili upepo ukivuta uwe unaukata msumari kwa upana na si kuuchomoa. Zibeni mfereji kwa saruji moja kwa mchanga tatu. Mkanda mmoja unakula mita 3 hivi. Nyumba ya mita 9 ina kenchi tisa, sehemu kumi na nane. Nunueni mita 60, zitabaki kidogo.

Fundi wawili na msaidizi hawawezi kumaliza kazi hiyo kwa siku moja, na atakayewaambia anamaliza kwa siku moja, mkagueni kozi aliyoshukia.

Kama mnajenga upya au mnaezua paa zima, fanyeni kilicho bora: lenta ya kuzunguka nyumba yote, nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 6 kila sentimita 20, na mikanda ya kenchi imeachwa ndani ya zege kabla halijakauka.

Nyumba ya mawe je? Tusafiri hadi Ibo, kisiwa cha Cabo Delgado, kwa ndugu zetu Wamwani, ambao lugha yao mtu wa Mtwara anaisikia bila shida. Kenneth ilipowapitia mwaka 2019, sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa iliharibika. Lakini kwenye majengo ya mawe mandhari ilikuwa moja tena na tena: kuta zimesimama, paa halipo. Ukuta wa matumbawe wenye unene wa nusu mita una uzito karibu mara tatu ya ukuta wa tofali. Upepo hauusumbui. Asili yake nyumba hiyo ilikuwa na paa la bapa, boriti za mikoko zilizobeba tabaka nene la mawe madogo na chokaa. Nani atanyanyua uzito ule? Lakini paa la bapa huvuja, na miaka ilivyopita watu wakaweka bati la mteremko juu yake. Bati lile mara nyingi limekaa tu, halikufungwa popote.

Wenye nyumba za mawe mna bahati ya uzito, ila mna matatizo yenu mawili. La kwanza ni vichwa vya boriti. Boriti huozea ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Chukueni bisibisi nyembamba, mchome boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama sentimita mbili bila kupingwa, boriti hiyo haipo, hata kama katikati yake inang'aa. La pili ni saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa na zinapumua. Ukizipaka saruji kwa nje, unyevu unanaswa ndani, chokaa inageuka unga, na ukuta unabaki mawe yaliyopangana. Jengo la Beit al Ajaib kule Zanzibar, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na siku ile hakukuwa na kimbunga chochote. Ukuta uliochoka hausubiri upepo.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya mawe, kwanza kwangueni saruji, rudisheni chokaa, halafu ndipo mfunge paa. Msitumie nondo ya kawaida ndani ya matumbawe. Mawe hayo yana chumvi, nondo itashika kutu, kutu itavimba, na ukuta utapasuka kwa ndani. Tumieni chuma kisichoshika kutu, kipite ukuta mzima mpaka upande wa pili, na kishikwe kwa bamba pana. Tundu litobolewe kwa mkono au kwa drili isiyopiga nyundo. Mtetemo unaangusha chokaa iliyobaki.

Na nyumba ya fito na udongo, tunayoidharau? Wacheni niitetee kidogo. Nyumba ya fito yenye makuti ina akili yake. Makuti yanapitisha upepo, hayashiki nguvu kama bati. Upepo ukizidi, makuti yanachomoka kipande kipande na miti inabaki. Unasuka mengine. Balaa lilianza tulipoondoa makuti tukaweka bati juu ya miti ileile. Sasa paa linabeba nguvu yote, na miti iliyofungwa kwa kamba haina cha kuizuia. Anayetaka bati kwenye nyumba ya fito aanze chini: kila nguzo ya kona ifukuliwe, itazamwe pale inapokutana na ardhi, maana huozea hapo hapo. Iliyooza ikatwe, mpya izikwe sentimita 80 angalau, na nguzo ifungwe na paa kwa waya wa milimita 4. Kama hawezi haya yote, abaki na makuti yake. Tunasema hivi bila aibu.

Bati lililoruka ni hatari kwa majirani vilevile. Tarehe 14 Desemba 2024, kimbunga Chido kilikipiga kisiwa cha Mayotte, na mitaa ya vibanda vya mabati kwenye vilima ilisambaratishwa. Karatasi ya bati hewani inakata. Jirani akifunga paa lake anaokoa na lako.

Tuje kwenye madirisha. Kuna imani iliyoenea sana kwamba kimbunga kikija ufungue dirisha la upande usio na upepo ili nyumba ipumue isilipuke. Msifanye hivyo. Narudia, msifanye hivyo. Nyumba hailipuki kwa kufungwa. Inalipuka kwa kufunguka. Mlango mmoja ukivunjika upande wa upepo, hewa inajaa ndani na kulisukuma paa kutoka chini, wakati huohuo wa nje unalivuta kutoka juu. Zile kilo zetu 370 zinaongezeka sana. Kule Florida milango mipana ya gereji ndiyo iliyofungua nyumba nyingi kwa namna hiyo.

Hapa nyumba ya zamani ina sifa yake. Dirisha la mbao la mabawa mawili lenye komeo la ndani ni kinga nzuri kuliko kioo cha kuteleza chenye fremu nyembamba. Msiling'oe kwa sababu jirani ameweka alumini. Badilisheni bawaba zilizoliwa, wekeni komeo juu na chini. Wenye vioo, katieni plaiwudi ya milimita 18, kila dirisha na kipande chake chenye namba, matundu ya bolti yametobolewa ukutani tayari. Siku ya onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa si siku ya kutafuta msumeno.

Kuta za pembetatu, kwa wenye mapaa ya miteremko miwili: toka juu ya pembetatu pigeni ubao wa 2 kwa 4 ushuke mshazari mpaka kwenye kenchi la tatu, pande zote mbili za nyumba. Kwa nini pande zote mbili? Kwa sababu huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikija kutoka baharini, kwanza utapigwa na upepo wa kusini. Kitovu kikipita juu yako kutakuwa kimya, hata jua linaweza kuonekana, watu watatoka nje kutazama. Kisha upepo utarudi kutoka kaskazini, kwa nguvu ileile. Wasitoke.

Paa la baraza lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Baraza liko wazi chini, linashika upepo kuliko sehemu yoyote. Lijitegemee, likatike mahali pake, lisiondoke na paa la vyumba. Minazi iliyokauka vichwa iondolewe. Mwembe unaoegemea nyumba upunguzwe matawi, na kazi hiyo ifanywe na mtu anayejua, maana mwembe uliokatwa upande mmoja huangukia upande wa pili.

Maji nayo. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024 kilikuwa kimeanza kudhoofika, na bado mvua yake ilikata barabara ya Kibiti kwenda Lindi pale Somanga. Nyumba iliyofungwa vizuri kwenye bonde la maji bado ni nyumba iliyo kwenye bonde la maji. Hakuna mkanda wa kutibu hilo.

Lini tufanye kazi hii? Tazameni tarehe. Kimbunga cha Unguja kilichovunja majahazi na meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu mpaka Pemba ikachukua nafasi ya kwanza kwa karafuu: Aprili 1872. Cha Lindi: Aprili 1952. Kenneth: Aprili 2019. Jobo, iliyofifia ikikaribia pwani ya Dar es Salaam: Aprili 2021. Hidaya: Mei 2024. Kwetu hatari ni mwisho wa msimu, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika. Na mvua zikianza, hutaki kuwa na paa wazi. Kwa hiyo dirisha letu la kazi ni kuanzia kipupwe hiki mpaka kabla mvua hazijaanza. Ukaguzi ufanyike sasa, mbao zinunuliwe sasa zikauke kivulini, mikanda ifungwe kabla ya mwaka kuisha.

Jambo la mwisho ni gumu, na ni bora tuliseme. Hesabu yote tuliyofanya hapa ni ya upepo wa kilomita 120. Kimbunga cha nguvu ya Kenneth kina zaidi ya mara tatu ya nguvu hiyo. Nyumba ya tofali yenye mikanda kamili inaweza kupoteza paa hata hivyo. Nyumba yenye ukuta uliotoka kwenye timazi, yaani ulioinama, yenye ufa unaopitisha vidole, au nguzo zilizooza, haifai kulaliwa usiku wa kimbunga chochote, hata kiitwe kidogo. Wenye nyumba hizo chagueni mapema mtakakokwenda: jengo lenye paa la zege, au la lenta kamili, mahali pa juu, ambapo mgonjwa na mtoto wanafika kwa miguu. Na muondoke mchana, upepo ukiwa bado unaruhusu kusimama.

Baada ya chai tutakwenda nyumba ya pili kutoka hapa, mwenyewe ametupa ruhusa. Tutatoboa kozi ya tano na kufunga mkanda mmoja, kila fundi aushike. Njooni na tochi na bisibisi. Kabla ya hapo, tunapokea maswali. Tuanze na mama zetu waliokaa upande ule wa dirishani.